Punje Iliyozidi Kwenye Mkeka

Jumamosi iliyopita muliniona nimesinzia kwenye kiti, mukacheka, mukasema koko amezeeka. Si uzee. Ni vita yenu ndiyo ilinilaza. Muliingia kwenye mapigano ya lile daraja wakati wali ulikuwa bado motoni. Nilipofungua macho wali ulikuwa umepoa, na adui mmoja alikuwa bado amesimama, ati amebakiza nguvu kumi na moja. Pacifique alikuwa anachezea telefone. Judith alikuwa anajisuka nywele. Trésor peke yake ndiye alikuwa anarusha zile de zenu za namba na kuhesabu, kama mtu anayepima mchanga wa ziwa kwa kijiko.

Halafu mjukuu wangu Espérance akaniuliza mbele ya wote: "Koko, weye ulifanya kazi hii wakati wa vita. Utuambie kweli. Mapigano ndani ya mchezo inanogesha, ao inachosha tu?"

Sikujibu siku ile. Kuna kitu nilikuwa nimekiona kwenye mkeka wenu, nikataka kwanza nikae nacho. Sasa naandika. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mukikuta kosa la herufi, mulisahihishe kimoyomoyo muendelee. Kwenye majina sitakosea. Majina sikosei.

Kazi yangu ilikuwa mama mlezi. Miaka ya vita nilikaa kwenye nyumba moja kando ya ziwa, hapahapa Uvira, nyumba ya kupokea watoto waliotoka porini kwa watu wa bunduki, wakingoja kutafutiwa wazazi. Nilipika, nilifua, nilipaka dawa kwenye upele, nilichomoa miba. Na kila alasiri, kabla ya bugali, niliongoza mchezo. Ni huohuo munaoucheza nyinyi hapa mtaani Kimanga na kudhani umezaliwa na telefone. Kila mmoja anajitungia mtu wake, anampa jina, na wote wanatembea pamoja ndani ya hadithi ambayo mwisho wake haujulikani, hata na anayeiongoza. Ukitaka kufanya kitu kigumu, unarusha, na mrusho unaamua.

Aliyeuleta ni Musyeu Zakaria, animateri wetu, mwenye kazi ya kuchezesha watoto, kijana mrefu aliyekuwa anainamisha kichwa hata penye hakuna mlango. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa cha fotokopi, kurasa zimeshikwa na uzi wa kushonea, na de tatu. Mbili zilikuwa za kawaida. Ya tatu ilikuwa nyeusi, na pande ishirini, kila upande na namba yake.

Siku alipokuja nazo, askari wa barieri ya njiani walimwaga mfuko wake chini. Mmoja akaishika ile nyeusi kwa vidole viwili.

"Hii ni dawa ya vita?"

"Hapana, chef. Ni mchezo ya batoto."

"Mchezo gani iko na macho makumi mbili?"

"Unaitupa chini, namba inakuambia kama umeshinda adui."

"Sasa si ndiyo dawa yenyewe hiyo!"

Akaichukua. Zakaria alipotueleza, tulicheka mpaka mimi nikaunguza ndagala wa ziwani.

Siku ya tatu yule askari alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, bunduki mgongoni, na ile de imefungwa ndani ya karatasi iliyochanwa kwenye kaye ya shule. Alinipa mimi, bila kumtazama Zakaria.

"Mama, mukamate kitu yenu. Naiweka kwa dirisha, saba iko juu. Asubuhi nakuta kumi na tisa. Naiacha kwa kumi na tisa, nakuta mbili. Iko inahesabu bantu, na minye sijui ni banani."

Alipoondoka tulicheka tena. Mimi nilicheka kidogo kuliko wenzangu. Niliitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalifunika, nikaliweka juu ya rafu ya chumvi. Sikuitumia hata mara moja.

Basi badala ya de tukarusha maharage. Hili mulishike, maana de zenu zitapotea siku moja. Tafuteni maharage matano makubwa ya mavuno mapya. Yakwaruzeni upande mmoja kwenye jiwe mpaka weupe utokee, yakausheni juani. Ukitupa, nyeupe tatu ni umefaulu. Kitu kigumu kabisa kinataka tano. Na mtoto ale uji kwanza, kwa sababu mtoto mwenye njaa anapigana ili mchezo uishe. Kuna mtoto mmoja, Ombeni, aliwahi kutafuna haragwe bichi katikati ya mapigano, ili aseme mrusho haukukamilika. Tumbo lilimuuma siku mbili, na mtu wake wa hadithi nikamuumisha tumbo siku mbili vilevile.

Kila mtu wa hadithi alikuwa punje moja ya muhindi juu ya mkeka. Adui walikuwa vijiwe. Mimi nilihesabu punje kabla ya kucheza, nikazihesabu tena baada. Ni kazi ya mpishi, huwezi kuacha kuhesabu sahani.

Wachezaji walikuwa sita: Ombeni, Bahati, Mapendo, Shukuru, Neema na Byamungu. Sote tuliogopa kwamba mapigano yatawapandisha vita kichwani. Kumbe yaliwalaza. Zakaria alisoma meza za kitabu chake, zile safu za namba: umepiga, amekinga, toa tatu, sasa zamu ya nani. Mapendo alisinzia kwenye bega la Neema. Ombeni alihesabu nzi. Ni Byamungu, aliyekuwa haongei, ndiye alisema:

"Musyeu, vita haiko vile."

"Iko namna gani, Byamungu?"

"Vita ni kungoja. Unangoja, unasikia kiu, unawaza chakula. Halafu kitu inapita mbio. Halafu unahesabu nani hayuko."

Zakaria alifunga kitabu. Kesho yake akaniambia, "Mama Feza, uongoze weye. Weye haujui kusoma hizi meza, utatuokoa."

Basi nikaongoza vile nilivyoweza. Nilikataza mtu kurusha kabla hajasema anaogopa kupoteza nini. Siku ya kwanza ya kanuni hiyo Shukuru akasema, "Naogopa kupoteza sufuria." Mtu wake alikuwa anabeba sufuria ya kundi zima. Wezi watatu walikuwa wamesimama kwenye kivuko. Watoto wangu, kwa sufuria ile tulipigana alasiri nzima na hakuna aliyekohoa! Bahati alijaribu kuwadanganya wezi kwamba sufuria imetoboka. Mapendo akasema basi wakimbie. Neema akasema tukikimbia tutapikia wapi. Walirusha mara nne tu mpaka jua likashuka, na kila mrusho waliuangalia kama daktari anavyoangaliwa akitoka chumbani.

Kanuni nyingine niliitoa kwa mama yangu mzazi. Yeye alikuwa akisema mtu akianguka mbali na nyumbani, wenzake wamwite jina mara tatu kabla ya kuondoka, asije akabaki njiani. Kwa hiyo kwenye mkeka wangu aliyeanguka hakuondolewa kimyakimya. Aliitwa.

Na kwa sababu ya maneno ya Byamungu, niliweka apeli. Kabla ya mapigano naita majina ya watu wa hadithi, kila mchezaji anaitikia "prezan". Baada ya mapigano naita tena, ili tujue nani hayuko. Mtu wa Ombeni aliitwa Jenerali Ndagala. "Jenerali Ndagala!" "Prezan, na chumvi yangu!" Wenzake walicheka kila siku kama ni mara ya kwanza.

Apeli waliijua vizuri. Waliifanya asubuhi pale nyumbani, na huko porini komanda wao aliwapanga mstari akawaita vilevile, na waliitikia neno lilelile. Hilo sikuliwaza vya kutosha. Kosa langu lilianzia hapo.

Kulikuwa na mtoto wa saba, msichana. Hakucheza. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, na jina alilofika nalo lilikuwa Chansi, yaani bahati, jina la porini, walilompa wenye bunduki. Saa ya mchezo alikaa hatua tano kutoka mkekani, ametupa mgongo, anasugua sufuria kwa majivu. Sufuria iliyokwisha kung'aa aliisugua tena.

Mama Vumilia, aliyekuwa akizunguka kutafuta familia za watoto, alikuja na kaye yake mara tatu.

"Mwanangu, jina lako la nyumbani?"

Kimya.

"La mama?"

Kimya.

"Sasa nitaenda kuuliza nini huko juu? Nani amepoteza Chansi? Watanijibu sisi wote tumeipoteza."

Kwa masikio tulijua ni wa milimani, upande wa Rurambo, maana maneno yake machache aliyatamka kama watu wa ng'ombe wa kule. Gari la Mama Vumilia lilikuwa linapanda Ijumaa, na ilikuwa safari ya mwisho ya kutafuta wazazi. Vita vilikuwa vinasogea, njia ilikuwa inafungwa, na sisi wenyewe tulikwisha kuambiwa tufunge mizigo. Watoto sita walikuwa na majina kwenye lisiti ya wanaotafutiwa kwao. Wa saba hakuwa nalo. Mtoto asiye na jina la kwao hawezi kurudishwa kwao, ni hivyo tu.

Jumatatu ya wiki ile niliita majina sita, wakaitikia sita, wakapigana, wakamaliza. Nikahesabu punje. Saba.

"Ombeni!"

"Mama, minye hata sijagusa! Naapa kwa bugali!"

Nilihesabu tena. Saba. Niliitoa moja, nikaitia ndani ya lile kopo la de, nikafunika. Jumanne, majina sita, sauti sita, punje saba. Nikaitoa, nikaitia koponi. Jumatano niliamua kuwa mjanja: nilizipanga mwenyewe, sita, nikakaa nimezikodolea. Kuku alipita, nikamfukuza kwa mkono mmoja. Niliporudisha macho zilikuwa saba, na ile ya saba ilikuwa imekaa kando kidogo, kwenye ukingo wa mkeka ulioelekea kwenye sufuria.

Neema aliamka, akasimama. "Minye sikai hapa."

Nilienda kwenye rafu, nikafungua kopo. Punje mbili nilizozitia hazikuwemo. Ilikuwamo de peke yake, na saba ilikuwa juu.

Nilifunika. Sikumwambia mtu. Na hapa nilikosea kosa la watu wa kazi yetu, kwa sababu sisi walezi tulikuwa na desturi: watoto wakiogopa kitu, unakipa jina, kinakuwa mchezo. Mtoto akiogopa panya, unamwita panya Baba Shangazi, basi kesho wanamtafutia makombo. Nikarudi mkekani, nikapiga makofi.

"Kaeni. Huyu naye ni mtu wa hadithi, alikuwa amechelewa tu njiani. Anaitwa Nyota."

Majina yote ninayoyajua, najua niliyapata wapi. Ukiniuliza Byamungu, nitakuambia ni nani aliyenitajia, na alivaa nini. Hilo la Nyota lilinitoka mdomoni, na mpaka leo sijui liliingia kwa mlango gani.

Tulikuwa tunakaribia mapigano ya kivuko kingine. Nikaanza apeli. Jenerali Ndagala, prezan. Wengine watano, prezan, prezan. Halafu, huku nikitabasamu, nikaita:

"Nyota!"

"Prezan."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka sita hivi, mwenye pengo la meno ya mbele. Midomo sita mbele yangu ilikuwa imefungwa. Ombeni alikuwa ameacha hata kutafuna.

Upumbavu ukishaanza unajiendesha wenyewe. Nikaita tena. "Nyota."

"Prezan."

Sauti ilitoka kwenye sufuria. Chansi alikuwa bado ametupa mgongo, mikono ndani ya majivu. Nilichoona ni mabega yake, yalipanda kidogo, yakashuka.

Zakaria, aliyekuwa mlangoni, alitaka kumwendea. Nilimwonyesha kwa mkono asimame. Mtoto akibadilika sauti katikati ya mchezo, musimkimbilie, mukaharibu. Acheni hadithi iendelee polepole, na muongee na mtu wa hadithi, musiongee na mtoto.

"Nyota," nikasema, "mbele yetu iko kivuko. Adui wako nyuma, wengi. Unafanya nini?"

Chansi aliamka. Alikuja mkekani, maji ya majivu yanamdondoka viganjani, akachuchumaa mbele ya ile punje ya ukingoni. Sasa alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito tuliyoisikia mara chache.

"Nyota hapigani. Nyota anavuka."

Ombeni akauliza kwa heshima ambayo sikuwahi kumuona nayo: "Na nani anazuia adui?"

"Minye."

"Weye hauna punje."

Nikatoa punje kwenye kikapu changu, nikamwekea. Ilikuwa ya nane, na nilijua ilikotoka, nikashukuru.

"Unajua kanuni," nikamwambia. "Kabla ya kurusha, useme unaogopa kupoteza nini."

Alikaa akiangalia mikono yake. "Naogopa apeli," akasema. "Naogopa baite, na minye nishindwe kuitikia babili."

Yaliyobaki alinieleza baadaye, wakati wa kuanika nguo, na nayaweka hapa mupate kuelewa. Walichukuliwa wawili, yeye na mdogo wake. Yeye walimpa jina la porini, mdogo walikuwa hawajampa. Siku moja walipotumwa maji, mdogo akateleza vichakani na hakurudi. Huko mtu akikosekana kwenye apeli, watu wanatumwa kumfuata. Basi asubuhi ile, ukungu wa milimani umefunika mstari, dada alisimama mkiani akaitikia mara mbili. Chansi, prezan. Halafu, kwa sauti ya mdogo: prezan. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Miezi. Mdogo alifika ao hakufika, hakujua. Na hata baada ya kutolewa porini aliona akisema jina lake la kweli, akiitikia la kwake peke yake, la mdogo litabaki bila jibu, na watu wa komanda watamfuata njiani. Ndiyo maana alimnyamazia Mama Vumilia.

Siku ile mkekani hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba hakuna anayepumua.

"Nyota avuke kivuko na adui nyuma," nikasema, "hicho kinataka tano nyeupe."

Zakaria aliniinamia sikioni. "Mama Feza, mwambie tatu zinatosha."

Sikukubali. Mtoto aliyetoka kule anajua bei ya kivuko. Ningempunguzia, angejua namdanganya, na angerudi kwenye sufuria zake.

Alirusha. Nyeupe moja. Nyeupe ya pili. Ya tatu na ya nne zikasimama pamoja. La tano lilikimbia, likapita ukingo wa mkeka, likaangukia udongoni penye maji ya paa hudondokea. Kabla jicho lolote halijalifikia, Ombeni aliruka, akalifunika na gobele la kunywea maji.

"Hatuangalii!"

"Ombeni, ondoa."

"Hapana, Mama. Huyu Nyota ni muntu wa kweli. Maharage haimujui."

Watoto wengine walinitazama. Niliongoza mchezo ule miaka, na hiyo ndiyo siku pekee mchezaji alinifundisha kanuni nikaipokea papo hapo. "Basi," nikasema, "tutaangalia gari likirudi."

Halafu nikafanya apeli ya mwisho, kama kila siku. Wote sita, prezan. Punje ya Nyota tuliisogeza ng'ambo ya mkeka, jina lake sikuliita. Ikabaki punje ya aliyezuia.

"Huyu alibaki nyuma," Byamungu akasema. "Kanuni ya Mama, hatuondoki mupaka aitwe."

Ombeni akaita: "Chansi!"

Hakuna.

"Chansi!"

Msichana akatikisa kichwa. "Chansi hakubaki pale," akasema. "Chansi ni jina lao. Mwenye alibaki ni Faida."

Musifikiri nililia. Nilikuwa na kazi. Nikawahesabia kwa kidole, moja, mbili, tatu, na watoto sita wakaita kwa sauti moja mpaka majirani wakasimama uani. Faida. Faida. Mara ya tatu akafungua mdomo: "Prezan."

Mara moja tu.

Jioni Mama Vumilia aliandika kwenye kaye yake jina la mtoto, jina la mama yake, kilima, na ng'ombe wa nyumbani kwao mwenye pembe moja, yote alipewa kwa pumzi moja. Ijumaa gari lilipanda.

Lilikaa siku sita. Bunduki tulizisikia upande wa uwanda, asubuhi na mchana, na tulicheza vilevile. Gobele lilikuwa palepale kwenye udongo, mvua inalidondokea. Watoto walilizunguka kama kaburi dogo. Faida alisugua sufuria, lakini sasa uso wake ulituelekea. Kila alasiri nilihesabu punje, na punje zilikuwa sawasawa na sauti.

Alhamisi gari lilirudi. Mama Vumilia alishuka na tope mpaka magotini. Faida alisimama.

"Mama yako yuko," Mama Vumilia akamwambia. "Na Nyota yuko. Alifika na wachunga ng'ombe, wamemnywesha maziwa mpaka amekuwa na mashavu."

Kisha akanivuta kando, lakini sauti yake haikujua kunong'ona, na Faida alisikia.

"Mama Feza, kuna kitu sikukipenda. Tulikuwa tunakaa kula. Mama yao akaita, Nyota! Kadogo kakaitikia, niko. Halafu mama akaita, Faida! Nikashtuka, nikajua Faida nimemwacha Uvira. Ile kadogo ikaitikia: niko. Kwa sauti ya musichana mukubwa. Sauti nzito. Ni sauti ya huyu hapa. Mama yao akaniambia, usiogope, alifika hivyo, kila siku anaitikia babili, tumezoea."

Faida alienda kwenye gobele. Alilifunua. Sote tuliinama, Zakaria pia, kichwa chake kirefu juu ya vyetu.

Haragwe lilikuwa limeota. Ganda lilikuwa limepasuka na kuachia, mzizi mweupe umeingia udongoni, na kichwa kimepinda kinajaribu kusimama.

Ombeni alilala kifudifudi, jicho karibu liguse. "Mama, hii iko upande gani?"

Faida alilichimba na udongo wake, akaliweka kiganjani, na ndivyo alivyopanda gari kesho yake, mkono mmoja umefunguka mbele kama amebeba maji. Alasiri ile niliita majina, nikahesabu. Sita. Na tangu siku hiyo, kwenye kazi yangu yote iliyobaki, haikuzidi tena hata moja.

Sasa nimjibu Espérance. Mapigano yanachosha pale ambapo ndani yake hamna kitu ila mapigano. Adui wenu wa darajani alitaka nini? Hakuna aliyejua. Nyinyi mulikuwa munazuia nini? Nguvu kumi na moja. Pacifique afanyeje asifungue telefone? Muwekeeni sufuria mgongoni. Muwape adui kinywa, waongee. Muache mtu akimbie bila kuchekwa. Rusheni mara chache. Na nasikia munataka kwenda kucheza na watoto wanaolala kwenye madarasa ya shule, hao walioshuka juzi kutoka uwandani. Nendeni, lakini musiende na zile meza zenu za kupunguza nguvu. Watalala, halafu watawaonea huruma.

Na kile nilichokiona Jumamosi. Mulikuwa watano: Espérance, Pacifique, Judith, Trésor na Amani. De zenu ni za plastiki, lakini watu wenu muliwafanya kwa punje za kikapu changu, kila mmoja moja. Mulipoenda kunawa, niliamka kwenye kiti nikahesabu, mkono unajihesabia wenyewe. Niliweka miwani, nikahesabu tena. Zilikuwa sita. Ya sita ilikuwa kando, kwenye ukingo.

Jumamosi hii anzeni na apeli. Mwenye kuongoza aite polepole, na baada ya jina la tano anyamaze kidogo, asijaze kimya kwa mzaha. Jina asilitunge. Mimi nilitunga, likaitikiwa. Kati yenu watano kuna mmoja anayeitikia wawili. Simjui bado, wala sitamtafuta usoni. Atakapokuwa tayari, kikapu kiko karibu na kiti changu.

Nyumba nimeifagia leo asubuhi. Mkeka sikuukung'uta. Ile punje nimeiacha ilipokaa, nimefagia kuizunguka.